Mwendo Usiosikika

Miongoni mwa hoja ambazo binadamu huzitumia kujivua lawama, hapana iliyo nyepesi kutamkika na nzito kujibika kama hii: kwamba jambo lilikuwapo kabla yake. Tajiri aliyerithi shamba pamoja na watu wake, karani aliyerithi kiti na rushwa iliyokaa juu yake, kijana aliyerithi ugomvi wa babu yake na jirani, kila mmoja akiulizwa hujibu kwamba yeye hakulianzisha jambo wala hakulizidisha. Amelikuta likienda, naye ameliacha liende. Hoja hii ina nguvu kwa sababu ndani yake mna ukweli. Aliyeanzisha na aliyeendeleza hawalingani, na kadhi asiyeona tafauti baina yao hafai kuhukumu. Lakini je, huyo aliyeliacha jambo liende, hakufanya kitu?

Suali hili ni la maadili, na aghalabu hupelekwa moja kwa moja kwa wanafalsafa na wanasheria. Hata hivyo, maneno yanayoibeba hoja yenyewe ni maneno ya mwendo. Husemwa kwamba mambo yanakwenda, kwamba yamekuwa yakijiendea, kwamba dunia ndivyo inavyokwenda. Anayejitetea kwa maneno hayo amekwisha kuingia, ajue asijue, katika uwanja wa fizikia, na huko ziko kanuni. Si vibaya basi kumfuata huko huko na kumuuliza: kitu kinachojiendea hujiendea kwa nini?

Mwanafunzi wa skuli ya sekondari hufundishwa mapema kutenga mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. La kwanza ni mwendo wa kasi moja, yaani kitu kupita masafa sawa katika kila muda ulio sawa, kikifuata mstari ulionyooka. La pili ni mchapuko, yaani kadiri ambayo kasi hiyo inabadilika kwa muda, iwe kwa kuzidi, kwa kupungua au kwa kugeuka upande. Waliochagua neno mchapuko walichagua vizuri. Ngoma ikichapuka, kila mwenye masikio hujua kwamba kimebadilika kitu katika mwendo wa mapigo, hata kama sauti ni ile ile. Neno kasi, kwa upande wake, limebebeshwa mzigo mkubwa mno: watu husema gari lina kasi wakiwa na maana kwamba linakwenda upesi, na husema limetia kasi wakiwa na maana kwamba linazidi kwenda upesi, na hayo ni mambo mbalimbali kabisa.

Boti inayokwenda kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 katika kila sekunde. Ikipita mita 10 katika sekunde hii, na 10 katika ijayo, na 10 katika ile inayofuata, bila kupinda, mchapuko wake ni sifuri, hata kama waliobaki gatini wanaiona ikipotea machoni. Nazi iliyo juu ya mnazi wa mita 20 ni kinyume chake. Nukta ile kikonyo kinapoachia haina kasi yoyote, lakini mchapuko inao tayari, tena kamili: kila sekunde inayopita huiongezea kasi ya takriban mita 9.8 kwa sekunde, na inapofika chini, baada ya sekunde mbili hivi, inakwenda kilomita 70 kwa saa, ukiacha kizuizi kidogo cha hewa. Boti ina kasi bila ya mchapuko, na nazi, mwanzoni, ina mchapuko bila ya kasi. Chungwa lililorushwa juu linafundisha zaidi. Linapofika kileleni husimama kwa nukta isiyopimika, na mtazamaji husema limetulia. Kasi yake kweli imekwisha. Mchapuko uko vile vile kama ulivyokuwa tangu lilipoondoka mkononi, nao unaelekea chini.

Mwelekeo nao umo katika hesabu. Zamani Unguja palikuwa na vinu vya kukamulia mafuta vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Ngamia yule alikwenda hatua zile zile kutwa nzima, hakuharakisha wala hakukawia, na bado hakuwa katika mwendo wa kasi moja hata kwa hatua mbili, maana kila hatua ilimgeuza. Mchapuko wake ulielekea katikati, penye kinu. Kwa mizani ya fizikia, kugeuka ni kuchapuka.

Tafauti hii inaonekana ndogo leo kwa kuwa imo katika vitabu vya watoto, lakini ilichukua karibu miaka elfu mbili kupatikana. Aristotle alifundisha kwamba kila kinachokwenda kinaendeshwa na kitu, na kwamba msukumaji akiacha, mwendo unakoma. Haukuwa ujinga. Ndivyo anavyoona kila hamali aliyepata kusukuma gari la mizigo mchangani: akiacha kusukuma, gari linasimama. Tabu iliwajia wafuasi wa Aristotle katika kitu kilichorushwa. Mshale umekwisha kuondoka kwenye upinde, sasa nani anausukuma? Jawabu lao lilikuwa kwamba hewa huzunguka nyuma yake ikaupeleka mbele. Katika karne ya 6, huko Iskandaria, Yohana Philoponus aliipinga hoja hiyo, akasema kwamba arushaye hutia nguvu fulani ndani ya kitu chenyewe.

Aliyefika karibu zaidi na mlango ni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Yeye aliiita nguvu hiyo iliyotiwa ndani ya kitu kwa jina la mayl, yaani mwelekeo au mvuto wa kwendea upande, na akafikiri kwamba haiishi yenyewe. Huondolewa na kinachoipinga kutoka nje, kama hewa. Kutokana na hapo akaona kwamba katika ombwe, pasipo na cha kupinga, kitu kilichorushwa hakingesimama kamwe. Na kwa kuwa hakuna aliyepata kuona mwendo wa namna hiyo, akakata shauri kwamba ombwe halipo. Ni jambo la kutia simanzi kidogo kwa mpenda elimu: kanuni ilikuwa mkononi mwake, akaitumia kuwa ushahidi wa kitu kingine. Karne moja baadaye, mjini Baghdad, Abu'l-Barakat aligusa upande wa pili wa jambo, akaeleza kwamba kitu kinachoanguka huzidi kasi kwa sababu uzito wake haukomi kukiongezea mayl juu ya mayl.

Galileo alirithi mjadala huo kupitia kwa wanazuoni wa Ulaya, naye pia hakulipata jawabu mara moja. Katika barua aliyomwandikia Paolo Sarpi mwaka 1604 alishika kwamba kasi ya kitu kinachoanguka huzidi kwa kadiri ya masafa kilichopita. Baadaye aliona kwamba kipimo cha haki ni muda. Kwa kuwa hakuwa na saa ya kupima anguko lililo wima, alilipunguza makali: aliviringisha kijipira cha shaba katika mfereji laini uliochongwa kwenye ubao ulioinama, akapima muda kwa kuyatia mizanini maji yaliyokuwa yakichuruzika chomboni. Alichokiona akakieleza katika kitabu chake kilichochapwa Leiden mwaka 1638. Ukigawa muda katika vipande sawa, masafa ya kila kipande hufuatana kama 1, 3, 5, 7, na kuendelea kwa witiri. Wenye kuhesabu mizani za beti watakubali kwamba ni nadra kwa jiwe linaloporomoka kutunza hesabu hivyo.

Lakini lililo muhimu zaidi kwa suali letu limo katika kitabu chake cha kabla ya hapo, kile cha mwaka 1632 kilichompeleka mbele ya mahakama ya Kanisa mwaka uliofuata. Humo anamtaka msomaji ajifungie na rafiki yake katika chumba cha chini cha jahazi kubwa, pamoja na nzi na vipepeo, bakuli la maji lenye samaki, na chupa iliyotundikwa inayodondosha maji katika chombo cha mdomo mwembamba. Jahazi likiwa limesimama, wadudu huruka kila upande kwa wepesi mmoja, samaki huogelea watakako, na matone huangukia mdomoni. Kisha jahazi liondoke, liende kwa kasi yoyote, madhali haliyumbi wala halibadili mwendo. Hapana hata kimoja kitakachogeuka. Matone yataangukia pale pale, na mtu aliyemo ndani hatakuwa na njia ya kujua kama chombo kinakwenda au kimetia nanga.

Kila aliyepata kuvuka baina ya Unguja na Dar es Salaam siku ya shwari ameliona hili bila kulitafuta. Abiria husinzia boti ikiwa mbioni, na wengi huamka pale injini zinapopunguzwa nguvu karibu na bandari. Mwili hausikii mwendo, unasikia mabadiliko ya mwendo. Kisiwa cha Unguja chenyewe, pamoja na minazi yake na waliolala chini yake, kinachukuliwa na mzunguko wa dunia kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na dunia nzima inalizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kila sekunde. Miendo hiyo inapinda kama wa ngamia, kwa hiyo si ya kasi moja kwa maana iliyo kamili. Lakini inapinda taratibu mno hata hakuna anayeyumba.

Newton alipoandika kanuni zake mwaka 1687 alilifunga jambo kwa maneno machache. Kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda hubaki kikienda kwa kasi ile ile na upande ule ule, mpaka ipatikane kani ya kukibadili. Tabia hiyo ya kitu kubaki katika hali yake huitwa inesha. Kani haileti mwendo, inaleta mchapuko. Aristotle aliuliza ni nini kinachofanya kitu kiende. Newton aliuliza ni nini kinachofanya kitu kibadilike.

Na hapa ndipo mwenye kujitetea anapotabasamu. Ikiwa mwendo wa kasi moja hauhitaji kani, basi hoja yake imepata shahidi mkubwa kuliko aliyemtarajia. Shamba lilikuwa likienda, rushwa ilikuwa ikienda, ugomvi ulikuwa ukienda. Yeye hakutia kani, kwa hiyo hakuna lililobadilika, na pasipo badiliko hapana wa kuulizwa. Atalaumiwa aliyetoa msukumo wa mwanzo, ambaye amekwisha kufa. Watu wengi wenye akili wamesimama hapa, na baadhi yao wameandika vitabu.

Makosa yao ni kwamba wameisoma nusu ya kanuni. Newton hakusema kwamba kitu kinachokwenda kwa kasi moja hakina kani juu yake. Alichosema ni kwamba jumla ya kani zilizo juu yake, zikihesabiwa pamoja na pande zake, ni sifuri. Baina ya kutokuwapo kani na kani kulingana pana umbali mkubwa, ingawa kwa macho yanayotazama mwendo tu havitafautiki.

Mwendo wa kujiendea kweli, usio na msukumaji, upo, lakini mahali pake ni mbali. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa kutoka Marekani tarehe 5 Septemba 1977, na sasa kimekwisha kutoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa jua, kikienda kilomita 17 hivi kila sekunde. Hakina injini inayokisukuma mbele, wala hewa inayokizuia, na mvuto wa jua unaokirudisha nyuma umekuwa dhaifu sana. Hicho kinaweza kusema kwamba kinajiendea.

Hapa duniani, ambako kuna hewa, maji na mchanga, hali ni nyengine. Tone la mvua hutoka mawinguni likivutwa na uzito wake, na lingeanguka kilomita moja bila ya hewa lingefika ardhini kwa kasi ya mita 140 kwa sekunde, likamjeruhi kila lilimpatalo. Halifiki hivyo. Kadiri linavyozidi kasi ndivyo hewa inavyozidi kulizuia, mpaka kizuizi kinalingana na uzito. Kuanzia hapo mchapuko ni sifuri, na matone makubwa humalizia safari kwa mita 9 hivi kwa sekunde. Tone hilo linakwenda kwa kasi moja, lakini uzito wake haukuondoka hata chembe, na hewa haikuacha kupinga hata nukta moja. Jahazi katika kaskazi iliyotulia ni vivyo hivyo: upepo unasukuma tanga, maji yanashika mwili wa chombo, viwili hivyo vinalingana, na nahodha anapata mwendo wa kasi moja. Shusha tanga uone kama litajiendea. Na hamali wa gari mchangani, ambaye Aristotle alimwona vizuri bila ya kumfahamu, anasukuma kutwa kwa nguvu zake zote bila ya gari kuzidi kasi. Jasho lake lote limekwenda katika kulifanya gari liendelee kama lilivyokuwa.

Kwa hiyo anayesema kwamba jambo linajiendea ana wajibu wa kuonyesha kwanza kwamba hakuna kinacholizuia. Kama kipo cha kulizuia, nalo bado linakwenda kwa kasi ile ile, basi yuko anayesukuma, na tena nguvu ya msukumo wake inajulikana hata kama mikono yake haionekani: ni sawasawa na kile kinachopinga.

Visiwa hivi vina mfano wake. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, akiwa ametishwa na Waingereza kwamba kisiwa kitazingirwa kwa manowari, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa na mahali pake likajengwa kanisa. Hicho kilikuwa kishindo kilichosikika mpaka London. Lakini utumwa wenyewe, wa mashambani na wa majumbani, ulibaki halali Unguja na Pemba hadi amri ya Sayyid Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897. Ni miaka 24. Katika miaka hiyo wenye mashamba ya mikarafuu, na hata baadhi ya maofisa wa Kiingereza waliosita kuuondoa, walisema lile lile la siku zote: kwamba ni ada ya nchi iliyokutwa, na kwamba mambo yaachwe yaende yatakoma yenyewe.

Je, jambo lile lilikuwa likijiendea? Waliokuwamo ndani yake hawakuwa matone ya chupa ya Galileo. Wapo waliotoroka, na neno watoro limebaki katika lugha na katika majina ya historia ya mwambao. Wapo waliofanya kazi kwa mkono mzito makusudi, waliojifanya wagonjwa msimu wa kuchuma, waliohama kutoka kwa bwana mmoja kwenda kutafuta himaya kwa mwengine. Huo ndio msuguano, na ulikuwa kila siku. Ili shamba liendelee kama jana ilibidi pawe na msimamizi, na chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu. Ilibidi pawe na viboko, na ahadi, na siku mbili za mapumziko zitolewazo kama hisani, na hakimu wa kumrudisha aliyekimbia. Hata amri ya 1897, iliyosifiwa kwa haki, iliacha mikono kadhaa ikisukuma. Uhuru haukuja wenyewe. Mtumwa alitakiwa kwenda mahakamani kuudai. Akishaupata alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, na asipoweza huhesabiwa mzururaji. Fidia alilipwa bwana. Masuria hawakuingizwa katika haki hiyo ila kwa sharti la kuthibitisha ukatili, na ilikuwa mpaka mwaka 1909 ndipo sheria ikawafikia. Asomaye vifungu hivyo ataona jinsi kinachoitwa kuendelea kulivyohitaji kufikiriwa, kuandikwa na kulipiwa.

Kanuni hii inawatendea haki pia watu ambao historia huwapita. Historia inayoandikwa kwa vishindo huandika 1873 na 1897, na baina yake huacha kurasa tupu, kana kwamba watumwa walikuwa wakingoja. Lakini penye mwendo wa kasi moja kizuizi ni sawa na msukumo, hakipungui kwa chembe. Aliyepunguza kasi ya mkono wake mkarafuuni, asipate kubadili lolote, alikuwa ni sehemu ya nguvu iliyolingana na nguvu zote za shamba, na msimamizi aliyetokwa na jasho kumhimiza ndiye shahidi wake. Kutoonekana kwa matunda yake hakuthibitishi kwamba hakupinga. Bila ya watu kama yeye gari lingechapuka.

Itasemwa kwamba mmoja mmoja msukumo wake ni mdogo mno kuhesabiwa: karani anayeandika daftari tu, mnunuzi wa karafuu wa mbali, jirani anayemrudisha mtoro kwa sababu ndivyo jirani afanyavyo. Fizikia haina tabu na udogo. Kani hujumlishwa, kubwa na ndogo, kila moja kwa kipimo chake na upande wake. Mkono uliowekwa juu ya gari bila kusukuma ni sifuri na uhesabiwe sifuri. Unaosukuma kidogo uhesabiwe kidogo. Hapa mwenye kujitetea anapata haki yake aliyoitaka mwanzo, maana karani hatabebeshwa sehemu ya tajiri. Ila hakuna kipimo chochote katika hesabu hiyo kinachouliza nani alitangulia kulisukuma gari. Aliyekufa alisukuma siku zake. Gari la leo mchangani linasukumwa na walio hai.

Itasemwa pia, na hili ni zito zaidi, kwamba maumbile hayana lawama. Hewa inayolizuia tone haina fadhila, na uzito unaolivuta hauna dhambi. Kutoa hukumu juu ya watu kutokana na matone ni kuchanganya vitu viwili. Ni kweli. Hakuna aya ya maadili iliyofichwa ndani ya kanuni za Newton, na wanaozitafuta humo hupata zile walizokwenda nazo. Lakini aliyeleta mfano wa mwendo ni yule aliyejitetea nao, na mfano ukiletwa shaurini huulizwa masuali kama shahidi mwengine yeyote. Ukiulizwa, haumsaidii. Akiuacha, itambidi atafute hoja nyengine: kwamba alilazimishwa, kwamba hakujua, kwamba angeacha wangeumia wengine zaidi. Huenda baadhi ya hizo ni za kweli. Zote zinakubali kwamba alikuwa akifanya kitu.

Lipo pia la mtu aliyeamua kuacha kusukuma. Akiondoa mikono, gari halisimami papo hapo. Litakwenda hatua kadhaa kwa inesha yake, na kama wako wengi wanaosukuma, kupungua kwake hakutaonekana kwa jicho. Wengi hukata tamaa katika hatua hizo chache. Huona kwamba wameacha na hakuna kilichobadilika, wakarudi kushika, wakisema kwamba mkono wao haukuwa na kazi. Walichokosa ni saa ya maji ya Galileo. Mchapuko mdogo hauonekani kwa kutazama mara moja, hupimwa kwa kurudi na kutazama tena baada ya muda unaojulikana.

Hayo yote ni ya mwendo muovu, lakini kanuni haichagui. Jahazi la mbao, hata likikalafatiwa vizuri namna gani, huingiza maji, na maji hukusanyika ngamani. Katika safari ndefu maji hayo huachiwa mtu wa kuyakumba. Akikumba kadiri ile ile inayoingia, kina chake hakipandi wala hakishuki, na anayechungulia mchana na kuchungulia tena usiku huona alama ya maji iko pale pale ubavuni mwa mbao. Nyumba ambayo kila siku imefagiwa ni hivyo, na kisima ambacho hakijajaa takataka, na mtaa ambao wagomvi wake hawajauana. Wanaoshika vitu hivi mahali pake hawana tarehe. Mama aliyepika kwa miaka 40 hana siku moja ya kuandikwa, na siku ya pekee inayoweza kuandikwa ni ile atakayougua, mwendo ukabadilika, na nyumba nzima ikaamka kama abiria wa boti injini zikipungua.

Abiria wa jahazi hukaa juu, penye upepo, wakazungumza habari za bei na za harusi. Wakiulizwa kuhusu chombo husema ni kizuri, hakivuji. Chini yao baharia wa zamu ameinama gizani na ndoo yake, maji yakimfika vifundoni, yale yale ya jana. Alfajiri mwengine hushuka, akaipokea ndoo, akainama pale alipokuwa mwenzake.